Balbu ya Daraja A na Ngazi Isiyoonekana

Saa moja na nusu asubuhi mjini Randers, na jua la Januari bado halina hata dalili ya kuchomoza. Vibeke Skaarup amesimama katikati ya ngazi za jengo namba nne, ndoo mkononi, tochi yake ya kichwani imezimwa. Anautanguliza mguu wa kulia polepole, anapapasa hewa, anaurudisha.

"Kipandio kiko wapi?" ananiuliza. "Niambie wewe mwenye macho mazuri. Kiko wapi?"

Taa inawaka, na hilo ndilo linalompandisha hasira. Juu ya kichwa chake, ndani ya bakuli la kioo cheupe, kuna balbu mpya isiyopepesa wala kuunguruma. Ni balbu ya daraja A, daraja la juu kuliko yote kwenye lebo ya umeme. Inaangaza dari vizuri. Huku chini miguuni, rangi ya kahawia ya vipandio imechanganyika na kivuli na huwezi kusema kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Vibeke ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mtunza jengo wa Lindevang, chama cha ushirika wa nyumba chenye majengo manne na wanachama wanaojuana mpaka majina ya paka. Anasugua ngazi, anazibua mabomba, anasukuma theluji, anabadilisha balbu. Analipwa kwa saa ishirini za wiki. Zile nyingine anazofanya, anasema, ni sadaka.

Leo jioni kuna mkutano, na ameuitisha yeye. Hajalala vizuri tangu Jumapili.

"Wakiniambia tena kwamba taa ilikuwa inawaka," anasema huku akilikamua dekio kama anamkaba mtu shingo, "nitapiga kelele mpaka wanisikie mjini Aarhus."

Chanzo cha yote ni tarehe kumi Novemba, mkesha wa Mtakatifu Martin, jioni ambayo kila oveni ya huku ina bata ndani. Ragnhild Thuesen, mwenye miaka themanini na mitatu, anayekaa peke yake ghorofa ya tatu, alikuwa ametoka dukani na bata wake kwenye mfuko. Ilikuwa saa kumi na nusu na giza lilikuwa limeshaingia. Alibonyeza kitufe cha taa, taa ikawaka, akaanza kupanda.

Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu alikanyaga mahali ambapo hapakuwa na kipandio. Alivunjika nyonga na kifundo cha mkono wa kulia. Bata alibingirika mpaka kwenye mlango wa ghorofa ya pili, ambao ni mlango wa mwenyekiti wa chama, Torkild Munk.

Torkild alitoka mbio na soksi. Haki yake apewe: yeye ndiye aliyepiga simu, akamfunika Ragnhild kwa koti lake, akaketi naye sakafuni akimshika mkono mzima mpaka gari la wagonjwa likafika. Ndiyo maana kilichofuata kinaudhi zaidi. Kwa mtu mbaya ungelitarajia. Huyu ni mtu mwema.

Ili kuelewa balbu hii ilifikaje hapa, inabidi turudi Aprili iliyopita, kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Wanachama walikuwa wamekaa kwenye chumba cha chini, kahawa kwenye chupa, mikate ya mdalasini mezani. Torkild akainua boksi la balbu alilolikuta kwenye stoo ya Vibeke. Kwenye lebo ya rangi palikuwa na herufi F.

"F," alisema. "Jamani. Chini yake imebaki G peke yake. Hii ndiyo taa tunayowasha kwenye ngazi zetu?"

Chumba kizima kiliinamisha macho. Ni lazima uwajue watu wa Lindevang. Hawa ni watu wanaosuuza maboksi ya maziwa kabla ya kuyatupa. Wanaendesha baiskeli kwenye mvua ya mawe na kusema ni upepo kidogo tu. Kuambiwa kwamba wamekuwa wakiwasha taa ya F ni kama kukutwa umejificha nyuma ya pipa ukichanganya chupa na karatasi.

Aliyeona aibu kuliko wote ni Vibeke. Yeye ndiye mnunuzi, na alikumbuka vizuri kwamba balbu zilezile, za kampuni ileile, zamani zilikuwa na A na alama ya kujumlisha juu yake. "Nilidhani kiwanda kimeniibia," anasema. "Kwamba wameanza kutengeneza takataka na kuzitia kwenye boksi lilelile. Nikakaa kimya kama mwizi."

Hakuna aliyemwibia. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulibadilisha lebo za balbu. Zile alama za kujumlisha zilifutwa na ngazi ya herufi ikapangwa upya kuanzia A mpaka G, kwa makusudi ya kuacha nafasi juu kwa balbu bora zaidi za baadaye. Balbu iliyolala ikiwa A yenye alama iliamka F. Mwanga wake ni uleule na umeme wake ni uleule. Ndani ya chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelisema hilo, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja aliyelijua.

Kwa hiyo wakapitisha azimio: balbu zote za ngazi ziwe za daraja A, na zenye kutumia umeme mdogo kuliko zote zinazopatikana. Mikono ikanyooka yote. Mkono wa Vibeke ulinyooka. Wa Ragnhild pia ulinyooka. Nani Lindevang angethubutu kuinua mkono kuitetea F mbele ya majirani zake?

Vibeke alikwenda dukani, akamwambia muuzaji anataka ya A, na kati ya hizo, ile yenye wati chache kabisa. Muuzaji alimpa ya wati mbili na ushei. Zile za zamani zilikuwa za wati kumi na moja. Alitoka dukani anatembea kifua mbele.

Alizifunga mwezi Mei, na Mei huku hakuna anayehitaji taa. Mwanga unaingia kwenye madirisha ya ngazi mpaka saa nne usiku. Juni ikapita, Julai ikapita, na chama kikaweka hata kibandiko cha kijani kwenye mlango wa nje. Giza lilirudi Oktoba kama kawaida yake, na hapo ndipo ngazi zilipomezwa.

Kwa nini hakuna aliyelalamika? Hili nimeliuliza kila mlango, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya nikiwa nimeuma meno. Wazee walidhani ni macho yao. Kila mmoja alikaa na aibu yake ndani, akishika reli kwa nguvu zaidi, akimwambia mwenzake kwamba hajambo kabisa. Wenye umri wa kati walipendezwa. Sisi huku tunapenda mwanga hafifu, mshumaa mezani, taa ndogo pembeni, na mtu mwenye taa kali sebuleni tunamwona kama amefungua kliniki ya meno. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya kwanza aliniambia bila haya kwamba ngazi zilikuwa zimepata utulivu.

Utulivu! Watu wazima wanapapasa ukutani kwenye nyumba yao wenyewe, na wanauita utulivu.

Na Vibeke, aliyepanda ngazi zile kila asubuhi? Anaigusa tochi yake ya kichwani.

"Mimi nilikuwa nimebeba jua langu," anasema. "Hii naivaa tangu natoka kitandani, kwa ajili ya kona na mabomba. Popote nilipogeuka palikuwa peupe. Nimesugua giza lile zaidi ya mwezi na sikuliona."

Aliliona siku ya pili baada ya Ragnhild kuanguka. Alikuwa amepiga magoti kwenye kipandio kilekile, akifuta damu iliyokauka, mara betri ya tochi ikaisha. Taa ya ngazi ilikuwa inawaka juu yake. Anasema alinyanyuka, akataka kushuka, akashindwa. Aliketi pale pale akalia mpaka kitambaa cha kufutia kikapoa mkononi.

Kisha akashuka kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, akaenda jikoni kwake ghorofa ya chini, akaweka mezani boksi la balbu ya zamani na boksi la balbu mpya.

Mbele, kwenye lebo ya rangi, mambo yalikuwa yaleyale anayoyajua. Moja F, nyingine A. Chini yake, uniti ambazo balbu inakula ikiwashwa saa elfu moja: ya zamani kumi na moja, mpya tatu. Akageuza maboksi. Upande mwingine, mbali na rangi zote, kulikuwa na namba ambayo alikuwa ameiona miaka yote bila kuisoma. Ya zamani ilisema lumeni 1055. Mpya ilisema 485.

"Nilidhani ni namba ya kiwandani," anasema. "Kama namba ya injini."

Alimpigia simu yule muuzaji. Mazungumzo hayo anayarudia akiigiza sauti zote mbili, na ya muuzaji anaipa pua iliyoziba.

"Herufi inakuambia balbu inabana vipi umeme kwa kila mwanga inaoutoa. Haikuambii inatoa mwanga kiasi gani. Mwanga ni lumeni."

"Kwa hiyo umeniuzia nusu ya mwanga?"

"Chini ya nusu, ukipiga hesabu."

"Na ya A yenye mwanga kama wa zamani haipo?"

"Ipo, mbona. Wati tano, lumeni elfu na tisini na tano. Iko rafu ileile, pembeni kabisa ya uliyochukua."

"Sasa mbona hukuniambia, bwana we?"

"Si ulitaka ndogo kuliko zote? Hukuuliza."

Pembeni kabisa, rafu ileile! Chama kingepata A yake, kibandiko chake cha kijani na ngazi zake. Lebo haikudanganya mtu. Ilijibu swali moja na watu wakadhani imejibu yote. Lakini mimi nawalaumu pia waliochora lebo hiyo ndogo, wakaipaka rangi zote kuonyesha balbu inakula nini, halafu kile ambacho mtu huwashia taa wakakiacha kitafutwe mgongoni mwa boksi.

Vibeke alipanda kwa Torkild jioni hiyohiyo, maboksi mawili mkononi, akitarajia kwamba wangebadilisha balbu kesho yake. Mazungumzo hayo nimesimuliwa na wote wawili, na hayatofautiani sana.

"Lete hizo zenye mwanga, Torkild. Nazifunga kesho asubuhi."

"Ngoja kwanza. Ukizibadilisha sasa, tumekubali kwamba ngazi zilikuwa na giza."

"Si zilikuwa na giza?"

"Taa ilikuwa inawaka. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo, ukatoka mlangoni mwako, nyuma yako sebule nzima inawaka taa. Ulimwona kwa taa yako, si kwa ile."

"Vibeke, Ragnhild ana miaka themanini na mitatu. Watu wa umri huo huanguka. Na bima wakisikia tumebadilisha balbu wiki ileile, watauliza kwa nini."

"Waulize! Nitawajibu mimi."

"Kuna azimio la mkutano mkuu. Matumizi madogo kuliko yote. Wati tano ni zaidi ya mara mbili ya hizi."

"Ukiziwasha mwaka mzima unaokoa nini?"

Hilo nalijibu mimi. Taa za ngazi huku huzimika zenyewe baada ya dakika chache. Ukihesabu balbu za ngazi moja kwa mwaka mzima, kilichookolewa kwa kutoka balbu za zamani kwenda hizi ni kroner sitini na kitu. Kwa fedha hiyo unapata soseji moja kwenye kibanda cha stesheni na chupa ya maziwa ya kakao, na soseji uile bila vitunguu vya kukaanga.

Torkild hakuishia hapo. Manispaa ilipouliza hali ya ngazi, ili iamue kama Ragnhild anaweza kurudi nyumbani, alijibu kwamba ngazi ni imara, reli ipo, na taa ni mpya za daraja A. Kila neno lilikuwa kweli. Na kwa sababu ngazi hazikuwa na kosa, kosa likabaki kwenye miguu ya Ragnhild. Manispaa ikaanza kumtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee nje ya mji, ahamie Februari.

Nilimkuta kwenye kituo cha mazoezi ya viungo, amekaa dirishani na fimbo ya kutembelea imeegemea goti. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na hasira yake haina kelele.

"Kila siku wananiuliza kama nilipata kizunguzungu," alisema. "Daktari, nesi, yule wa mazoezi. Ulipata kizunguzungu, Ragnhild? Unasahau vitu, Ragnhild? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza niliona nini."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu, mwanangu. Ndilo jibu lenyewe."

Alishona glovu za ngozi kiwandani miaka thelathini, hapahapa mjini. Ngozi nyeupe, anasema, ilishonwa kwa taa moja. Ngozi nyeusi na ya kahawia zilipewa taa ya pili, la sivyo sindano iliingia kidoleni, na msimamizi hakumlaumu mshonaji kwa kuzeeka. Alizitazama kwa muda bendeji za kifundo chake.

"Na mimi niliinua mkono, unajua? Aprili. Mkono wenyewe ndio huu." Aliunyanyua ule uliovunjika, akacheka bila furaha. "Nilitaka nionekane na mimi naijali dunia."

Nilimuuliza anaionaje nyumba ya wazee.

"Wana bustani nzuri," alisema. "Nimekaa kwenye nyumba yangu tangu mume wangu akiwa hai. Najua kila ubao unalia wapi. Wanataka kunitoa kwa ajili ya kipandio kimoja nilichokikosa, na kukosa kwenyewe ni kwa sababu ya taa."

Vibeke aliporudi kutoka kumwona Ragnhild, hakumwomba Torkild tena. Alipita mlango kwa mlango. Katiba ya chama inasema robo ya wanachama wakidai mkutano, mkutano utaitishwa, na alipata zaidi ya robo kabla hajamaliza jengo la kwanza. Kisha akagundua kwamba katiba haisemi mkutano ufanyikie wapi. Akabandika tangazo: ngazi za jengo namba nne, saa kumi na moja jioni.

"Ngazini?" Torkild alimwuliza kwenye simu. "Tukae kwenye ngazi kama watoto waliofukuzwa darasani?"

"Njoo na mto wa kukalia," Vibeke alimjibu.

Na ndiyo hiyo jioni yenyewe. Saa kumi na moja, watu thelathini na zaidi wamejipanga kwenye vipandio kutoka mlango wa nje mpaka ghorofa ya tatu, na mito, na chupa za kahawa, na makoti. Kupanda tu kumekuwa kazi. Mzee mmoja anaomba mkono wa jirani, kisha anageuza ionekane kama anamsalimia. Kila dakika chache taa inazimika na mtu wa chini anapigiwa kelele abonyeze kitufe.

"Bonyeza, we Ebbe!"

"Nimebonyeza!"

"Basi mbona hatuoni?"

"Hiyo ndiyo yenyewe imewaka!"

Watu wanacheka. Vibeke hacheki. Amesimama juu ya kipandio kile, mikono imekunjwa kifuani, kichwani hana kitu.

Torkild amesimama kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, mgongo wake kwenye mlango wake uliofungwa. Amevaa shati la mkutano. Anafungua karatasi yenye hoja ya Vibeke, kama desturi inavyomtaka mwenyekiti aisome yote kwa sauti kabla ya kura.

"Inapendekezwa kwamba," anaanza, kisha anasita.

Anaisogeza karatasi karibu na uso. Anaipeleka mbali. Anavua miwani, anaipangusa na shati, anaivaa. Anageuka mwangaza umwingilie begani. Vicheko vinaisha kimoja baada ya kingine, na ngazi nzima inabaki inasikiliza karatasi ikichakacha.

Torkild anaingiza mkono mfukoni, anatoa simu, anawasha tochi ya simu juu ya karatasi.

"Zima, Torkild," anasema Vibeke kutoka juu. Hapandishi sauti. "Ragnhild hakuwa na simu mkononi. Alikuwa na bata."

Mwenyekiti anabaki na ile tochi imemulika karatasi na kidevu chake. Kisha anaizima.

"Siwezi kusoma," anasema. "Nilimkuta hapa juu. Nilimtafuta kwa kupapasa. Nilishika mkono uliovunjika kwanza, akalia, kwa sababu sikuuona." Anakunja karatasi mara nne. "Nilijua tangu siku ile. Nilijiambia ni haraka tu iliyonifanya nisiuone. Hoja ni kwamba tufunge balbu zenye mwanga. Wanaokubali wainue mikono."

Mikono inainuka, lakini walio kwenye vipandio vya chini hawaonekani. Torkild anaanza kuhesabu, anapotea, anaanza upya, anakata tamaa.

"Walio huko chini," anasema, "semeni 'mimi'."

Inaanza sauti moja kutoka gizani karibu na mlango. "Mimi." Kisha nyingine. "Mimi." Zinapanda kipandio kwa kipandio, za wanaume na wanawake, nyingine zimekauka, mpaka zinafika kibarazani.

"Na wewe, Torkild?" anauliza mwanamke yule wa utulivu wa ghorofa ya kwanza.

"Mimi," anasema Torkild.

Vibeke hakungoja kesho. Balbu alikuwa nazo kwenye mfuko wa aproni tangu asubuhi, za A, lumeni elfu na tisini na tano. Alipanda juu ya stuli, akafungua lile bakuli la kioo mbele ya watu wote, na Torkild akamshikia stuli. Taa ilipowaka watu walifumba macho. Kisha wakaziona ngazi zao: kingo zilizolika katikati, rangi iliyobanduka, mstari wa kila kipandio.

Waliona pia vumbi kwenye kona. "Mama wee," Vibeke alisema. "Miezi yote hii nimekuwa nasugua nini?"

Kesho yake Torkild alipiga simu manispaa akafuta alichokisema mwanzo, akaongeza kwamba bima wakija atawaeleza mwenyewe. Nilipomtembelea hakutaka kuongea sana. Alisema tu kwamba yeye amefanya kazi ya kuuza bima maisha yake yote na kwamba amejifunza kuogopa swali kabla halijaulizwa. Sikumwonea huruma yote aliyoitaka. Wiki kumi Ragnhild amekuwa akiulizwa kama amechanganyikiwa, na mtu aliyejua jibu alikuwa anakaa ghorofa moja chini ya nyumba yake.

Mtaalamu wa manispaa anakuja Alhamisi hii, saa kumi na nusu jioni. Saa hiyo ameiomba Vibeke, kwa sababu ndiyo saa ya giza, na kwa sababu ndiyo saa yenyewe. Ragnhild ataletwa kwa gari, atapanda ngazi na fimbo yake mtaalamu akitazama, na baada ya hapo itaamuliwa kama analala kwake au anafungasha vitu. Kwenye kituo cha mazoezi wana ngazi ya mbao yenye vipandio vinne. Amekuwa akiipanda na kuishuka mpaka nesi anamwomba apumzike.

Vibeke ameitundika tochi ya kichwani kwenye msumari stoo. Kila jioni saa kumi na nusu anapanda mpaka ghorofa ya tatu bila hiyo, mfuko mzito kwenye kila mkono, jinsi mtu anavyotoka dukani. Anasema ataendelea hivyo hata baada ya Alhamisi, na kwamba boksi lolote la balbu litakaloingia Lindevang atalisoma upande wa nyuma kwanza.

Kuna jambo moja ambalo hakulisema kwenye mkutano. Jioni ile ya Novemba, gari la wagonjwa lilipoondoka, alimwokota yule bata, akampeleka kwake, akamweka kwenye friza. Amewekwa huko mpaka leo, na Vibeke amekataa kumpika Krismasi na Mwaka Mpya.

Nilimpelekea Ragnhild habari hizo Jumapili, pamoja na swali la Vibeke: je, amtoe bata akishasikia uamuzi, au asubiri zaidi? Kwa sababu mtaalamu anaweza kusema hapana. Anaweza kusema atajibu wiki ijayo.

Ragnhild alikuwa amesimama, ameshika fimbo kwa mkono ule uliopona, anatazama nje kulikokuwa kunaingia giza.

"Bata mkubwa vile anachukua siku mbili kuyeyuka," alisema. "Mwambie amtoe Jumanne."